Kulitunza Baraza la Jamaa Katika Simu

Ni nadra siku hizi kuikuta aila ya Kakamega ambayo watu wake wote wakaa katika boma moja. Kwani mkubwa wa ndugu yuko Shinyalu akitazama ng'ombe na mahindi, wa pili yuko Kawangware katika jiji la Nairobi, wa tatu ameolewa Mombasa, wa nne yumo nyumbani mwa watu kule Riyadh akifanya kazi ya ndani, na mjukuu wa kwanza amevuka bahari kwenda kusoma Toronto, ambako saa hubaki nyuma ya zetu kwa saba au nane kwa kadiri ya majira, hata jogoo wa alfajiri wa Shinyalu huwika wakati yeye ndio kwanza anajitayarisha kulala. Watu hawa wote, kwa fadhila ya simu, wamekusanyika katika kundi moja la WhatsApp, nao hupashana habari, hucheka na huulizana mambo ya ajabu kila kutwa. Makusudio ya makala haya ni kukuonyesha, ewe msomaji uliye mmoja wa jamaa hao, na khususan wewe uliyekabidhiwa usimamizi, namna ya kulitunza baraza hilo lisije likageuka mahali pa ugomvi, au, jambo ambalo kwa rai yangu ni baya kuliko ugomvi, mahali pa kimya kinachovunjwa na vifo na michango tu.

Haja yenyewe si mpya. Kabla ya simu za mkononi jamaa waliandikiana barua zilizopitia sanduku la posta la shule au la kanisa, zikachukuliwa na mtoto baada ya masomo na kusomwa kwa sauti mbele ya wazee. Waliotaka kutajwa hadharani walituma kadi za salamu kwa Sauti ya Kenya. Na ilipotokea tanzia, mtangazaji wa redio alilitaja jina la marehemu, na wanawe, na wakweze, popote walipo, wajue kwamba yawapasa kurudi nyumbani. Hata adabu ya kukaa na watu ilifika kwa njia hiyo hiyo, maana tangu mwaka 1966 mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa akiwauliza Wakenya katika kipindi chake kama jambo fulani ni la uungwana au sivyo. Walakini barua ilikuwa na mipaka yake: mwandishi alikuwa na karatasi moja na stempu moja, kwa hiyo aliyapima maneno kabla ya kuyaandika, na hasira aliyokuwa nayo jioni ilikuwa imekwisha kupoa kabla ya posta kufunguliwa asubuhi. Simu imeiondoa mipaka hiyo, na madhali iliyowekwa na posta imeondoka, hapana budi jamaa wajiwekee yao.

Kanuni ya kwanza, ambayo nyingine zote zaitegemea, ni kwamba kundi la jamaa huishi kwa habari ndogo. Watu wengi hudhani ya kuwa habari isiyo kubwa haistahiki kutolewa, wakangoja mpaka mtu aoe, afaulu, augue au afe. Na matokeo yake ni kwamba yule aliye Riyadh hupitisha mwezi mzima asisikie lolote la kwao, kisha simu yake ikilia usiku moyo humpasuka, kwa kuwa amezoezwa kwamba nyumbani hawamtafuti ila kwa msiba. Habari ndogo ndiyo inayomjulisha aliye mbali kwamba maisha ya nyumbani yangali yakiendelea na kwamba yeye angali akihesabiwa humo. Tena ndiyo inayoifanya habari kubwa ieleweke itakapokuja: aliyesoma mwezi uliopita kwamba baba amenunua bakora mpya kwa sababu goti linamsumbua hatashtuka sana akisikia kwamba amepelekwa hospitali, naye atajua la kuuliza.

Lakini habari ndogo yataka kuandikwa vizuri. Usiandike, "Nyumbani sote wazima, mvua yanyesha," kwani maneno hayo, ingawa ni kweli, yangaliweza kuandikwa na mtu yeyote, kutoka mahali popote, katika mwaka wowote. Andika hivi: "Mvua ya mawe ya jana alasiri imeyararua majani ya mahindi ya upande wa mtoni, ila maharagwe yamesalimika kwa kuwa yako chini ya migomba, mama ameyaokota mawe yenyewe akawatilia watoto katika vikombe, wakayatafuna na sukari." Jamaa aliyeko Toronto akiyasoma hayo atauona uwanja wa kwao, ataijua migomba inayotajwa ni ipi, na yamkini atacheka akikumbuka kwamba yeye naye alitafuna mawe hayo alipokuwa mdogo. Taja jambo moja tu kwa ujumbe mmoja, useme lilitokea wapi na nani alikuwapo, kisha ukome. Aidha usihangaike mno na lugha. Changanya Kiisukha, lugha ya nyumbani, na Kiswahili kama mnavyochanganya mezani, isipokuwa ikiwa kundini yumo mkaza mwana aliyetoka Kilifi au Machakos, hapo yapasa maneno ya Kiswahili yafuate, kwani hapana upweke unaoshinda ule wa kukaa katikati ya watu wa mumeo wakicheka nawe hujui wachekea nini.

Picha za maua zilizoandikwa maneno ya kutakia watu asubuhi njema, ambazo hutumwa kwa mazoea na watu wasiojua zilitoka wapi, zasihi kuachwa kabisa. Nasema hivyo kwa yakini wala si kwa kuwadharau wanaozituma, ambao wengi wao ni shangazi zetu wema. Lakini picha hizo hula bando la mtu asiye na pesa nyingi, huijaza simu ndogo mpaka ikakwama, na juu ya yote huzifunika habari za kweli, hata swali la mama kuhusu dawa yake likapotea chini ya mawaridi ishirini. Mwambie shangazi kwa heshima kwamba salamu yake mwenyewe, aliyoisema kwa sauti yake huku kuku wakisikika nyuma, yatosha na yapendeza zaidi. Kadhalika msimshitaki mtu kwa kunyamaza. Tangu mwaka 2014, ile alama ya tiki mbili ilipoanza kugeuka buluu mtu akishasoma, pamezuka kesi nyingi za fulani amesoma na hakujibu, ilhali huenda aliusoma ujumbe akiwa ndani ya matatu, au mbele ya mwajiri, au katika siku ambayo hakuwa na la kusema. Kusikiliza katika baraza ni kuhudhuria pia.

Ama mzaha, huo wahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndio uletao furaha nyingi na ndio uliokwisha kuyavunja makundi mengi. Wazee wetu wa magharibi hawakuuacha mzaha uende ovyo, bali waliupangia njia zake. Kukhu, yaani bibi, na mjukuu wa kiume waweza kutaniana hata kwa maneno ya ndoa, bibi akimwita mjukuu mume wake asiyeleta nyama, na mjukuu akilalamika kwamba mke huyu hajui kupika. Mashemeji nao wana ruhusa kubwa. Lakini mwanamume na mama wa mkewe hupeana nafasi na staha, na kadhalika mkaza mwana na baba wa mumewe, hata zamani ilikuwa haiwezekani kwao kula pamoja wala kukutana njiani bila ya mmoja kujitenga. Günter Wagner, Mjerumani aliyekaa na kufanya utafiti miongoni mwa watu wa magharibi ya Kenya katika miaka ya 1930, na ambaye juzuu ya kwanza ya kitabu chake ilitolewa mwaka 1949, aliyaeleza kwa urefu mambo hayo ya wakwe kuepukana. Na ingawa mengi yamelegea tangu wakati huo, haya iliyokuwa chini yake ingalipo, kama ajuavyo kila aliyeona mkwe akiingia nyumbani na watu wakibadilisha ghafula namna ya kuketi.

Sasa simu imewaketisha wote hao pamoja, na utani uliokusudiwa shemeji wasomwa na baba mkwe katika dakika ile ile. Basi kabla ya kutuma mzaha usijiulize tu kama wachekesha. Jiulize ni nani atakayeusoma ambaye ana haki ya kuusoma lakini hana ruhusa ya kuucheka. Dawa niliyoiona ikifaa ni kuwa na makundi mawili: moja la wote, wakwe na wazee wakiwamo, ambalo mzaha wake ni ule unaoweza kusemwa sebuleni mbele ya wageni, na jingine la ndugu na binamu wa rika moja, ambamo watu hutaniana watakavyo. Wala lile la pili lisifichwe kama njama, kwani wazee wakilijua na kuliridhia hawatakuwa na dukuduku nalo, nao hapana shaka wana lao.

Tena mchague vizuri mchekwa. Asiwe yule aliyekosa kazi mwaka wa pili, wala aliyeolewa akachelewa kupata mtoto, wala aliyezidiwa na pombe, wala mwenye deni ambalo kila mtu alijua. Kwani watu hawa hucheka pamoja na wengine kisha huondoka kundini usiku bila ya kuaga. Mchekwa awe wewe mwenyewe, au jogoo, au fahali. Binamu mmoja aliyekwenda Malinya alfajiri ya Jumamosi kutazama mafahali wakipigana alirekodi ujumbe wa sauti akilisimulia pambano kwa mtindo wa watangazaji wa kandanda: fahali mmoja alimpa jezi ya AFC Leopards, akamlaumu mwamuzi ambaye hakuwapo, akatoa kadi ya manjano kwa mzee aliyepiga filimbi katikati ya mchezo, na mwisho akatangaza, akihema kwa mbio, kwamba mechi imevunjika kwa kuwa timu zote mbili zimeingia katika shamba la viazi vitamu la watu. Ujumbe huo ulisikilizwa na mkubwa na mdogo, na mkwe na mkwewe, wala hapana aliyelazimika kuinamisha macho.

Habari za ajabu na za udadisi ndizo ziwavutazo vijana, nao wasipozipata nyumbani watazitafuta kwa watu wasiowajua. Kakamega haina uhaba nazo. Mtoto aliyezaliwa Nairobi hupita Rosterman akielekea kwa babu yake asijue kwamba jina hilo ni la mgodi, na kwamba mwaka 1931 dhahabu ilipogunduliwa katika sehemu hii walimiminika wachimbaji wa Kizungu, wengi wao walowezi walioumizwa na mdororo wa uchumi wa dunia. Wala hajui kwamba katika Desemba 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji, iliyokuwa imepitishwa miaka miwili tu kabla, ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa ajili ya migodi bila ya wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Pengine yumo katika aila mzee ambaye babake alibeba mchanga katika migodi hiyo; basi mwulize, tena upesi. Liko jiwe la Ilesi, kando ya barabara iendayo Kisumu, linalotiririsha maji kama lilialo, na kila nyumba ina hikaya yake juu ya sababu ya kilio. Na nje kidogo ya Kakamega uko ubao wa ikweta pale Maseno, ambapo watoto husimama mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini. Wako kumbikumbi, wanaodanganywa kwa kupigiwa vijiti juu ya kichuguu mpaka wakadhani mvua imekuja, wakatoka. Iko isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, jambo ambalo lapasa kumsikitisha kila mwenye nayo kabla ya kumfurahisha.

Namna ya kuyaleta mambo haya kundini ni kumpa mtu mmoja, kwa zamu, swali la jioni ya Jumapili. Usitume maelezo marefu uliyoyanakili mahali, kwani hayo hayasomwi. Tuma picha uliyoipiga wewe, au swali ambalo jibu lake limo vichwani mwa jamaa. "Ni nani ajuaye kwa nini mti huu ulio nyuma ya jiko haukukatwa, ilhali mingine yote ilikatwa?" Swali kama hilo laweza kuamsha watu kumi, na majibu yao yakipingana ndiyo bora, maana mzee aliyekuwa kimya tangu mwezi jana atapata sababu ya kusema kwamba wote wamekosea. Na itakapopigwa isukuti katika harusi ya kwenu, rekodi ngoma zake zote tatu kwa ukamilifu, ukimtaja apigaye ile kubwa, wala usiifunike sauti yake kwa muziki mwingine wa kupamba.

Hili lanileta kwa wale ambao kundi hili lilipasa kuwa lao kwanza, nao aghalabu ndio walio nje yake: wazee wasio na simu janja, au wenye nayo lakini macho yamechoka. Kukhu ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya kupokelea simu na pesa, basi. Asiachwe. Achaguliwe mjukuu mmoja aishiye karibu, naye akabidhiwe kazi ya kumsomea bibi habari za siku kila jioni, baada ya chai na kabla ya kulala, akisoma jina la aliyeandika kwanza kisha maneno yake, bila ya kupunguza wala kufupisha kwa kusema ati fulani anasalimu. Ujumbe wa sauti ukija, simu iwekwe ndani ya kikombe kitupu cha bati au cha udongo, midomo ya simu ikielekea chini, nayo sauti hukuzwa mpaka ikajaa chumba. Nimeona bibi akikisogeza kikombe hicho karibu na sikio kwa mikono miwili, akamjibu mwanawe aliye Riyadh papo hapo, akimwuliza mbona amekonda sauti, ijapokuwa mwana mwenyewe alikuwa amekwisha kuyasema hayo tangu adhuhuri. Mjukuu na arekodi jibu, lakini kwanza apate idhini, na tena asimwambie bibi, "Sema kitu," kwani mtu akiambiwa hivyo hukosa la kusema au hutoa hotuba. Amwulize leo amepika nini, nani amepita njiani, kuku yule aliyeatamia ametotoa vifaranga wangapi. Ujumbe wa dakika moja uliopatikana hivyo una thamani kuliko picha mia, nao uhifadhiwe kwa njia nitakayoitaja mwishoni.

Sasa twende kwenye tanzia, na hapa naomba usome polepole. Kifo kisitangazwe kundini kabla ya wale wa karibu kuambiwa kwa sauti ya mtu. Liandikeni jambo hili mapema, wakati wote ni wazima, mkaweka na taratibu yake: nani atampigia nani, na kwa zamu gani, na ni nani peke yake atakayeandika tangazo baada ya simu zote kupigwa. Anayefanya kazi ya ndani Ughaibuni ndiye wa kufikiriwa kuliko wote. Saa za Riyadh ni sawa na za Kakamega, basi tangazo la saa nne asubuhi humkuta katikati ya kazi, amesimama peke yake katika jiko la watu, hana ndugu wa kumshika mkono wala ruhusa ya kukaa chini. Na wapo waliojua kifo cha mama zao kwa kusoma "Pumzika kwa amani" iliyoandikwa na binamu wa mbali aliyetaka kuwa wa kwanza. Atafutwe kwanza rafiki yake aliye karibu, au ingojewe saa ya mapumziko yake, kisha aambiwe na mtu ampendaye, ambaye hataikata simu upesi. Tangazo lenyewe liwe fupi: jina la marehemu, siku na mahali alipofariki, mwili uko wapi, na jamaa wanakutana wapi. Picha ya maiti, au ya ajali, au ya mgonjwa akiwa na mipira puani, isiingizwe kamwe, hata kama aliyeituma alikusudia kuomba dua. Mgonjwa ni mwenye haya yake, na akipona ataikuta picha hiyo katika simu za watu arubaini.

Mambo ya pesa yana njia yake fupi. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007 kuchanga kumekuwa jambo la dakika moja, na kwa sababu hiyo kila kundi huelekea kuwa la michango ikiwa halikuzuiwa. Fungueni kundi jingine kwa kila mchango, awepo mweka hazina anayetoa hesabu kila jioni, na shughuli ikiisha lifungwe. Orodha itaje waliotoa, isitaje ambao hawakutoa.

Uzushi na utapeli ni jambo la hatari zaidi. Ujumbe ukija na alama ya mshale, ujue kwamba aliyeutuma hakuuandika yeye. Ukiwa na mishale miwili, umekwisha kupita kwa watu wengi mno. WhatsApp wenyewe, kwa kuliona dhara hilo, waliweka mpaka tangu Januari 2019 ili ujumbe usipitishwe kwa mazungumzo zaidi ya matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule wa mishale miwili haupitishwi ila kwa moja. Na jamaa mwaweza kuongeza mpaka wenu kwamba kila apitishaye jambo aandike chini yake ni nani aliyemwambia na kama amelihakikisha. Dawa za mitishamba za kuponya kisukari kwa siku saba, kazi za Ughaibuni zisizotaka nauli, na maneno ya kuchukiza kabila fulani wakati wa uchaguzi yasipite hata kidogo. Wakenya wakumbuka ujumbe wa simu uliotapakaa katika machafuko ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, na aila nyingi za Kakamega zina mkwe Mjaluo, au Mkalenjin, au Mkikuyu, ambaye watoto wake ni wajukuu wa boma hilo hilo.

Ama utapeli wa kuiba akaunti, huja hivi: mtu hujifanya jamaa au mfanyakazi wa kampuni, akamwomba shangazi amsomee nambari sita zilizoingia katika simu yake, shangazi akizitoa, akaunti huhamia kwa mwizi, naye huandika kundini kwa jina na picha ya shangazi kwamba yuko hospitali na ahitaji elfu tano kwa nambari ngeni. Wafundisheni wote kwamba nambari hizo sita hazitolewi kwa yeyote, hata kwa mtoto wa kuzaa, na wote waweke nywila ya pili ambayo programu yaruhusu. Na aombapo mtu pesa kwa maandishi, apigiwe simu ya kawaida asikike sauti. Asipopatikana, aulizwe jambo lisiloandikwa popote, kama jina la ng'ombe wa kwanza aliyenunuliwa na babu.

Watoto na vijana nao wana haki zao. Matokeo ya mtihani wa KCSE yatangazwe na mwenyewe akipenda, kwa kuwa aghalabu wako binamu wawili waliofanya mwaka mmoja, na pongezi kwa mmoja ni hukumu kwa mwingine. Picha ya mtoto akioga au akilia kwa kuchapwa haifai, ijapokuwa watu wazima huona yachekesha.

Limebaki jambo la hifadhi. Maneno ya kundini si salama kwa kuwa tu yalionekana jana. Simu huibwa, huanguka katika maji, au hujaa mtu akafuta vyote kwa pamoja. Achaguliwe mmoja mwenye subira ambaye, kila mwisho wa mwezi, atazihamisha sauti za wazee, picha za watu na majibu ya yale maswali ya Jumapili kwenda katika tarakilishi au kadi ya kumbukumbu, kila faili ikiwa na tarehe na jina la aliyesema. Wakati wa Desemba, jamaa wakirudi nyumbani, zitolewe zile picha za kale zilizomo sandukuni, zipigwe upya kwa simu mchana nje ya nyumba pasipo kivuli, na kukhu aulizwe jina la kila aliyesimama humo, tangu kushoto hata kulia, mjukuu akirekodi. Majina yasipopatikana kwake hayapatikani tena popote.

Na afapo mmoja wa kundi, msimamizi asiiharakie nambari yake, wala asiisahau. Laini isiyotumiwa kwa miezi kadhaa hufungwa na kampuni, na baadaye nambari hiyo yaweza kuuzwa kwa mtu mgeni kabisa. Basi kwanza zihifadhiwe sauti zote za marehemu, na kama simu yake iko mikononi mwa wanawe, nao wameridhia, zihifadhiwe na jumbe alizowaandikia watu wake faraghani ambazo wao wenyewe wataka kubaki nazo. Kisha jamaa waambiwe siku ambayo nambari itaondolewa, kwa ujumbe wa msimamizi mwenyewe unaotaja sababu na jina la marehemu kwa heshima, maana asipofanya hivyo aliye mbali ataona tu lile tangazo la programu kwamba fulani amemwondoa fulani, akadhani kwamba nyumbani kuna ugomvi, akapiga simu usiku kuuliza.